Nyoka Mwenye Manyoya wa Mexico: mungu, mfalme, au "mzungu mwenye ndevu"? Tuliongee taratibu

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimetumiwa klipu moja mara nne na watu wanne, wa mwisho shemeji yangu. Jamaa wa kwenye klipu anadai watu wa Mexico ya kale walifundishwa kulima, kujenga na kuhesabu siku na mzungu mrefu mwenye ndevu aliyetokea baharini. Wakamwita Quetzalcoatl, akaondoka akiahidi kurudi, na Wahispania walipotua wakadhaniwa ndio yeye. Muziki wa kutisha unapigwa nyuma. Mwishoni anauliza kwa nini hatukufundishwa haya shuleni.

Hatukufundishwa kwa sababu sehemu kubwa ni chai. Ila chini ya hiyo chai kuna kisa kitamu kuliko chai yenyewe, ndiyo maana nimefungua uzi.

Tuanze na jina. Ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ambayo hadi leo ina wasemaji zaidi ya milioni moja huko Mexico. Quetzal ni ndege wa misitu ya milimani, dume lake lina manyoya ya kijani yanayoning'inia nyuma karibu mita nzima. Guatemala wanamheshimu hadi wameipa fedha yao jina lake. Coatl ni nyoka. Lakini coatl ni pacha pia, na Mmexico wa leo anayeongea Kihispania bado humwita rafiki yake wa damu cuate, neno lililozaliwa hapo hapo. Kwa hiyo ukilitamka jina hilo umesema "nyoka wa manyoya ya thamani" na "pacha wa thamani" kwa pumzi moja. Shikeni hilo la pacha, tutalirudia.

Tatizo ni kwamba jina hili limebebwa na zaidi ya mmoja. Yupo mungu. Yupo mfalme-kuhani wa mji wa Tollan. Na kipo cheo: makuhani wawili wakubwa kabisa wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, wote waliitwa Quetzalcoatl, mmoja akimhudumia Huitzilopochtli, mungu wa vita, mwingine Tlaloc, mungu wa mvua. Ukiwasaga wote hawa pamoja ukafinyanga mtu mmoja, utapata klipu ya shemeji.

Anayenivutia mimi ni mfalme. Aliitwa Ce Acatl Topiltzin. Ce Acatl maana yake "Mwanzi Mmoja", jina la mwaka aliozaliwa, na kwa kalenda yao jina la mwaka hurudi kila baada ya miaka 52. Baba yake Mixcoatl, Nyoka wa Mawingu. Mama yake Chimalman. Tollan wengi wanaiona kuwa ndiyo magofu ya Tula, jimbo la Hidalgo, kaskazini ya Mexico City. Wazee wa Kinahuatl walisimulia kwamba enzi zake gunzi moja la mhindi lilikuwa la kukumbatiwa kwa mikono miwili, na pamba ilichanua ikiwa na rangi tayari, nyekundu, njano, buluu, hakuna kuhangaika kutia rangi. Mfalme mwenyewe alikuwa mtu wa kufunga na kujichoma miiba kwa ibada. Hakutaka kuchinja watu. Alitoa nyoka, ndege na vipepeo.

Kisha akaja Tezcatlipoca. Jina lake ni "Kioo Kinachofuka Moshi", na kweli alikuja na kioo, amekifunika. Akasema amekuja kumwonyesha mfalme mwili wake. Mfalme akajitazama: kope zimevimba, macho yameingia ndani, uso mzima vinundu. Akasema watu wakiniona hivi watanikimbia. Hakutoka tena nje mpaka fundi wa manyoya alipomtengenezea kinyago cha mawe ya firuzi.

Halafu pombe. Walimletea pulque, akakataa, akasema nimefunga. Wakamwambia onja kwa kidole kidogo tu. Akaonja. Akanywa, akaongeza, akafika bakuli la tano. Akaagiza aitwe dada yake, Quetzalpetlatl, naye akanywa. Hapa wasimuliaji wa mitandaoni huongeza mambo ya chumbani, lakini Masimulizi ya Cuauhtitlan, yaliyoandikwa kwa Kinahuatl karne ya 16, hayaendi huko. Yanasema tu kwamba hawakushuka tena majini kuoga ibada na hawakujichoma miiba. Kulipokucha, mfalme akalia.

Akaondoka Tollan. Alipofika ukingo wa bahari akavaa mavazi yake yote, kile kinyago cha firuzi akakiweka usoni, akajiwasha moto. Majivu yakapaa, ndege wa manyoya mazuri wakaja kuyatazama, na moyo wake ukapanda ukawa nyota ya asubuhi. Mwaka ulikuwa Mwanzi Mmoja, ametimiza 52 kamili. Simulizi inaongeza kwamba kabla ya kuonekana angani alipotea siku nane, nne kati ya hizo akiwa kuzimu.

Sasa mwulizeni yeyote anayezijua nyota. Zuhura ikitoka kuwa nyota ya jioni hupotea karibu na jua kwa takriban siku nane, ndipo ichomoze alfajiri. Nyota moja, sura mbili. Pacha.

Nimeishia hapa kwa leo, nikaribishe maswali.

Kinyamkera

Mkuu nipo siti ya mbele, kahawa mkononi. Hicho kioo kimenikaa kooni. Mtu hakupigwa rungu wala kuwekewa sumu, kaonyeshwa uso wake tu.

Baharia Mstaafu

Mleta uzi, umeandika vizuri ila umelikwepa swali. Sisi tulisoma kwamba Moctezuma, mfalme wa Waazteki, alimdhani Cortés, kiongozi wa Wahispania, ni huyo mungu, ndiyo maana akamfungulia mlango. Na huyo mfalme si alikufa mwaka wa Mwanzi Mmoja? Cortés ametua mwaka gani?

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Sikukwepa, nilikuwa navuta pumzi.

Cortés ametua 1519, na 1519 kweli ulikuwa Mwanzi Mmoja. Hiyo haina ubishi. Lakini tazama nani alisema nini, na lini.

Mwaka 1520 Cortés alimwandikia mfalme wa Hispania barua ndefu. Anadai Moctezuma alimwambia kwamba wazee wao waliletwa nchini na bwana mmoja aliyekwenda zake, na kwamba walitarajia kizazi chake kingekuja kuitawala nchi. Jina Quetzalcoatl halimo. Mungu hayumo. Ndevu hazimo. Na hata hayo machache aliyoyaandika yalimfaa kupita kiasi, maana alikuwa amevunja amri ya gavana wa Cuba, Diego Velázquez, na alihitaji mfalme aamini kwamba Waazteki wamejisalimisha kwa hiari yao. Mtu mwenye kesi hachagui maneno ovyo.

Mambo ya mungu anayerudi yanavimba miongo kadhaa baadaye. Toleo linalojulikana zaidi limo katika kazi ya vitabu 12 iliyosimamiwa na mtawa Bernardino de Sahagún na kukamilika 1577, akisaidiwa na vijana wa Kinahuatl waliosomeshwa na watawa. Hao vijana babu zao walishindwa vita, na walikuwa wanatafuta sababu. "Tulidhani ni mungu" ni sababu inayouma kidogo kuliko nyingine. Mwanahistoria Camilla Townsend ameliandika hili kwa kirefu, na mimi namwelewa.

Sababu za kushindwa zipo wazi bila mungu yeyote. Ndui iliingia 1520 ikaua kuanzia wakulima hadi mfalme Cuitlahuac aliyemrithi Moctezuma. Watlaxcala, maadui wa siku nyingi wa Waazteki, walimpa Cortés wapiganaji kwa maelfu. Mji ulizingirwa, ukakatiwa maji na chakula, ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521.

Na weupe? Ukifungua vitabu vyao vya picha, mara nyingi Quetzalcoatl amepakwa mwili mweusi, kwa sababu makuhani walijipaka masizi. Ndevu unaziona katika baadhi ya picha, sawa. Huo uzungu umeongezwa na waliokuja baadaye. Kuna padri, Servando Teresa de Mier, tarehe 12 Desemba 1794, sikukuu ya Bikira wa Guadalupe, alipanda mimbari mbele ya wakubwa wa Mexico akahubiri kwamba Quetzalcoatl alikuwa Mtume Thoma. Akafukuzwa nchini. Ukiifikiria ilikuwa siasa ya moto: kama Injili ililetwa na mtume karne 15 kabla ya Wahispania, basi hakuna wa kuwashukuru Wahispania kwa kuileta.

Dada wa Korogwe

Mimi nina swali la kichokozi. Mfalme hakupenda kuchinja watu, hewala. Lakini nilishawahi kusoma kwamba chini ya hekalu la nyoka huyu wamefukua mifupa ya watu waliofungwa mikono nyuma. Ipi ni ipi?

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Dada, hapo umenishika pabaya, na vizuri umenishika.

Hekalu unalolisema lipo Teotihuacan, mji uliokuwa na watu laki moja au zaidi. Lilijengwa kama mwaka 200 baada ya Kristo, karne nyingi kabla ya Tollan. Kuta zake zimetoa vichwa vya nyoka vya mawe, kila kimoja kikichomoza katikati ya duara la manyoya. Na ndiyo, chini yake na kando yake inakadiriwa walizikwa watu zaidi ya 200, wengi wamevalishwa kama askari, mikono imeelekezwa nyuma kama ya mateka. Walizikwa kwa makundi yaliyohesabiwa. Nyoka wa manyoya wa Teotihuacan alikula watu, hakuna namna ya kulipamba.

Mwaka 2003 mvua kubwa ilifungua shimo mbele ya hekalu hilo. Mwanaakiolojia Sergio Gómez alishushwa kwa kamba, akakuta njia ya chini kwa chini iliyozibwa na watu wa kale, urefu kama mita 100. Miaka ilipita wakitoa udongo kidogo kidogo, na 2015 wakatangaza kwamba mwishoni mwake wamekuta zebaki ya maji. Fikiria giza lote lile, halafu kitu kinachong'aa kama kioo sakafuni.

Kuhusu mfalme mpole, mimi namtilia shaka kidogo. Aliandikwa baada ya ushindi wa Wahispania, na wasimuliaji walijua fika kwamba padri anasikiliza. Mfalme wa kale aliyechukia damu alikuwa ushahidi mzuri wa kusema "hata sisi tulikuwa na mtu wetu". Hilo halifanyi kisa kizima kuwa cha kutunga, ila sehemu hiyo ningeisoma nimevaa miwani.

Mpita Njia wa Houston

Nimefika Chichén Itzá na familia, acha nichangie kwa macho yangu. Wamaya wa Yucatán walimwita Kukulkan, jina lile lile la nyoka na manyoya, lugha nyingine. Piramidi lake lina ngazi pande nne, kila upande vidato 91. Binti yangu alipiga hesabu kwenye simu: 364, ukiongeza kidato cha juu ni 365.

Tulikwenda Machi, wakati mchana na usiku vinalingana. Jua linapoteremka, kona za piramidi zinatupa kivuli pembeni ya ngazi ya kaskazini, pembetatu za mwanga zinapangana kutoka juu hadi chini, na chini kabisa kuna kichwa cha nyoka cha jiwe. Inaonekana nyoka anashuka. Watu maelfu, wengi wamevaa nyeupe, wengine wanalia. Mimi nilikuwa natafuta kivuli cha kujisitiri na jua.

Wataalamu wanabishana kama wajenzi walikusudia hicho kivuli. Mwongozaji wetu hakuwa na shaka hata chembe, ila naye alikuwa anauza kofia.

Fundi Redio

Nyie mnazunguka. Nendeni mkatazame jiwe la La Venta, la Waolmeki, watu wa Mexico waliowatangulia Waazteki, mamia ya miaka kabla ya Kristo. Mtu amekaa ndani ya mkunjo wa nyoka kama rubani kwenye chombo, na mkononi ana BEGI. Begi hilo hilo lipo kwenye sanamu za Iraki ya kale. Nani aliwagawia mabegi?

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Nilijua begi litafika.

Fundi, jiwe ni la kweli, Mnara namba 19, kutoka Tabasco, na ni kati ya michoro ya kale zaidi ya nyoka mwenye kishungi cha manyoya. Begi nalo lipo. Lakini Mexico yote ya kale kuhani anachorwa na mfuko, na tunaujua kazi yake kwa sababu Waazteki waliendelea kuubeba hadi Wahispania wakawaona: ni wa ubani. Ubani wao ni utomvu wa mti, copalli kwa Kinahuatl. Watu wa pwani nisikilizeni: ile sandarusi iliyochimbwa bara na kuuzwa Ulaya na Marekani kupitia Zanzibar karne ya 19, wafanyabiashara wa Kizungu waliiita copal. Waliliokota neno Mexico wakaja kulibandika kwenye gundi yetu. Huo ndio muujiza wa begi, na mimi unanitosha.

Fundi Redio

Nimekuelewa. Sijakubali.

Kinyamkera

Mimi jina langu ni la pepo wa upepo, naomba niingilie. Huyu mungu si alikuwa na upande wa upepo pia?

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Naam, ni jamaa yako. Akiwa upepo anaitwa Ehecatl, anavaa kinyago chenye mdomo kama wa bata, na kifuani ana kipande cha kombe la bahari lililokatwa likaonyesha mzunguko wake wa ndani. Walisema anawafagilia njia miungu wa mvua, maana vumbi hutangulia kabla manyunyu hayajaanguka. Mahekalu yake mara nyingi ni ya mviringo. Moja lilifukuliwa 1967 wakichimba reli ya chini ya ardhi ya Mexico City, wakaliacha pale pale. Abiria wa stesheni ya Pino Suárez wanalipita kila siku wakikimbilia treni.

Dada wa Korogwe

Wanawake hamuwataji. Nyoka wote ni wa wanaume?

Mpita Njia wa Houston

Dada, Coatlicue! Sanamu yake ipo makumbusho ya Mexico City, ina urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu. Jina lake ni "Mwenye Sketi ya Nyoka", na sketi ni nyoka kweli, wamesukwa. Kichwa hana, shingoni wamechomoza nyoka wawili wakatazamana, na nyuso zao pamoja zinafanya uso mmoja. Ni mama wa Huitzilopochtli. Alifukuliwa uwanja mkuu wa mji tarehe 13 Agosti 1790, akapelekwa chuo kikuu. Wenyeji wakaanza kumletea maua na mishumaa, wakubwa wakaogopa, wakamzika tena. Humboldt, mtafiti wa Kijerumani, alipopita miaka ya mwanzo ya 1800 akaomba kumwona. Wakamfukua, akamtazama, wakamfukia.

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Na kwa Wamaya kuna Bibi K'abal Xook wa Yaxchilán. Jiwe lake lipo London, British Museum. Amepiga magoti mbele ya bakuli la karatasi zilizolowa damu yake, na kutoka humo ameinuka joka, kinywani mwa joka anatokeza shujaa mwenye mkuki. Tukio lenyewe ni la mwaka 681, siku mume wake aliyoshika ufalme. Jiwe jirani linamwonyesha akipitisha kamba yenye miiba ulimini. Mwanamke ndiye aliyemwita nyoka, mfalme alisubiri.

Baharia Mstaafu

Mimi nabaki na la kilimo. Huyo shujaa aliwafundisha kulima au hakuwafundisha?

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Mzee, hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Hakufundisha. Aliiba.

Wanahua, yaani wasemaji wa Kinahuatl, wanasema watu wa kabla yetu waliangamia, ikabidi mungu Quetzalcoatl ashuke kuzimu kwa Mictlantecuhtli kuomba mifupa. Bwana wa kuzimu akampa baragumu la kombe, akamwambia lipulize uzunguke mara nne. Halikuwa na tundu. Funza wakalitoboa, nyuki wakaingia, likalia. Akabeba mifupa, kware wakamshtua, akaanguka, mifupa ikavunjika vipande visivyolingana. Ndiyo maana wengine warefu, wengine wafupi. Ikasagwa kama unga, miungu wakaitonea damu, wakatoka watu.

Watu wakahitaji kula. Akamwona sisimizi mwekundu amebeba punje ya mhindi. Akamwuliza umeitoa wapi. Sisimizi akakataa kusema. Akamsumbua, akamsumbua, mwisho akaonyeshwa: ndani ya mlima Tonacatepetl. Basi mungu mwenye anga na ardhi mwilini akajigeuza sisimizi mweusi, akaingia mlimani kwa kupanga foleni na wenzake, akatoka na punje. Miungu wakazitafuna kwanza, wakatuwekea midomoni kama mama anavyomlisha mtoto.

Wamaya wa K'iche' wa Guatemala wamekwenda mbali zaidi. Kwao Q'uq'umatz, nyoka yule yule, alijaribu kuumba watu wa udongo wakayeyuka, wakaumbwa wa mti wakakosa moyo, mwisho wakafinyangwa kwa unga wa mahindi ya njano na meupe. Sisi ni ugali, kwa maneno mengine. Na mmea wenyewe kweli ni wa huko, ulianza kufugwa kusini mwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, ingawa Kiswahili kimeupa jina la India.

Dada wa Korogwe

Nimeenda kuulizia hiyo pulque. Kumbe ni utomvu wa agave, na agave ni ukoo wa mkonge! Babu yangu alikata mkonge maisha yake yote, na mkonge wa Tanga uliletwa 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai, mbegu yake asili ni Yucatán, kwa Kukulkan. Hata hilo jina lao sisal ni la bandari ya huko.

Kinyamkera

Kwa hiyo pombe iliyomwangusha mfalme ni binamu ya kamba tunayofungia mbuzi?

Dada wa Korogwe

Binamu kabisa. Ila wa kwetu hatoi pombe, anatoa katani.

Mtunza Kibatari (mleta uzi)

Tezcatlipoca angefika Korogwe angerudi na kioo chake mkononi. Shemeji amesoma uzi wote. Ameniuliza sasa huyo sisimizi mwekundu alilipwa nini.